Jua Tele, Maji Haba: Mkaa na Titania Vinaweza Kuifaa Nini Ihumwa?

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro, ukaviacha nyuma viwanja vya Nanenane vya Nzuguni, unaingia Ihumwa. Zamani si nyingi hapa palikuwa pa mashamba ya uwele na mtama, mibuyu, na ng'ombe wa Wagogo wakirudi jioni na vumbi lao. Sasa kuna bandari kavu, barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 inapita hapo, na mbele kidogo ni Mji wa Serikali wa Mtumba, ambako wizara zilianza kuhamia mwaka 2019. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 iliwakuta zaidi ya 765,000 katika eneo ambalo sasa ni jiji. Watu wamekaribia kuwa maradufu ndani ya miaka kumi, na mvua imebaki ileile.

Mvua yenyewe ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote ikishuka kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi na upepo. Tegemeo kuu la jiji ni maji ya chini ya ardhi, hasa visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, upande wa kaskazini. Kina cha maji katika bonde hilo kimekuwa kikiandikwa tangu miaka ya 1950, na ni kumbukumbu chache katika nchi za tropiki zinazolingana nayo kwa urefu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hifadhi ile haijazwi na mvua za kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, na mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa El Niño wa 1997/98. Kwa maneno mengine, jiji linakunywa akiba iliyowekwa kwa nadra.

Ubora wake ni suala jingine. Miamba ya uwanda wa kati ni matale ya kale, na maji yanayokaa muda mrefu ndani ya nyufa zake hutoka na chumvi, hutoka magumu kiasi kwamba sabuni haitoi povu, na katika maeneo mengi ya Singida, Manyara na Shinyanga hutoka na floraidi. Ndani ya Dodoma kwenyewe, mwanajiolojia Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1996 juu ya naitreti nyingi katika maji ya chini ya ardhi, akaihusisha na majitaka ya makazi. Mji umekua mno tangu siku hizo, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatumia vyoo vya shimo na matangi ya majitaka yaliyochimbwa uani.

Kitu kimoja hakipungui Ihumwa, nacho ni jua. Kila mita ya mraba ya ardhi hupokea wastani wa kilowati-saa 5.5 hivi kwa siku. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuna unga mweupe, wa bei nafuu, usio na sumu kali, ambao ukitiwa majini na kuanikwa juani huua vijidudu na kusagasaga kemikali mpaka zikabaki maji na hewa ukaa, halazimiki kuwa mkemia ili apate wazo. Akiongezewa kwamba unga huo hufanya kazi vizuri zaidi ukichanganywa na mkaa, naye yuko katika mkoa ambao magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara, wazo linageuka kuwa andiko la mradi. Maandiko ya namna hiyo yapo mengi duniani, na makala za kisayansi juu ya mchanganyiko wa kaboni na titaniamu zimefika maelfu. Hata hivyo mitambo inayotakasa maji kwa njia hii na kuyauza kwa watu ni michache ajabu. Swali la uchambuzi huu ni kwa nini iwe hivyo, na kama Ihumwa ina sababu ya kuwa tofauti.

Unga wenyewe ni dayoksaidi ya titaniamu, kwa kifupi titania. Msomaji anaufahamu hata kama hajui jina lake, kwa sababu ndio unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. Mlango wa chuma uliopakwa rangi na kutazama magharibi, baada ya miaka kadhaa ukiupitishia kiganja kinatoka na unga. Chanzo kimojawapo cha hali hiyo ni kwamba titania iliyomo ndani ya rangi, ikipigwa na jua, huitafuna gundi inayoishikilia. Viwanda vya rangi vilililalamikia jambo hili kabla ya Vita Kuu ya Pili, na hadi leo hutumia aina tulivu zaidi ya titania, iitwayo rutaili, tena huifunika kila chembe kwa utando wa alumina au silika ili isile nyumba ya mteja. Wanasayansi wa maji wanautaka ulaji uleule. Wao huchukua aina iliyo kali zaidi, anatasi, na huiacha wazi bila utando.

Utendaji wake ni huu. Nuru yenye nguvu ya kutosha ikiipiga chembe ya titania, elektroni hurushwa kutoka mahali pake na kuacha pengo. Elektroni huikimbilia oksijeni iliyoyeyuka majini. Pengo nalo huyapokonya maji elektroni na kuzaa radikali ya haidroksili, kitu kinachoishi sehemu ndogo mno ya sekunde na kushambulia karibu kila molekuli ya kikaboni kinayoikuta, iwe ya dawa ya wadudu, ya rangi ya kitambaa au ya ukuta wa bakteria. Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda waliifanya dunia iitazame titania mwaka 1972 walipoitumia kuyagawa maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa nuru. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake walionyesha kwamba huua vijidudu pia. Unga wenyewe haupungui: ni kichocheo, na kesho utafanya kazi tena.

Kasoro zake mbili ndizo zilizoleta kaboni. Ya kwanza ni uchaguzi wa nuru. Anatasi huhitaji nishati ya elektroni-volti 3.2, yaani nuru yenye urefu wa mawimbi usiozidi nanometa 387 hivi. Hiyo ni mionzi ya urujuanimno, na katika jua linalotufikia ni asilimia nne au tano tu ya nishati yote. Jua kali la Ihumwa linalomfanya mtu afunike kichwa kwa kanga, kwa titania karibu lote ni giza. Ya pili ni kwamba elektroni nyingi hurudi kwenye mapengo yake kabla hazijafanya lolote, na nishati yao hupotea kama joto.

Kaboni huingia hapo kwa namna inayotegemea umbo lake. Mkaa amilifu, ule ulioshughulikiwa kwa mvuke au kemikali katika joto la nyuzi 800 au 900 hadi gramu moja ikawa na vinyweleo vyenye eneo la mamia ya mita za mraba, huvuta uchafu kutoka majini na kuuweka jirani na chembe za titania. Hili si dogo, kwa sababu radikali ya haidroksili haisafiri mbali, na uchafu usiosogea karibu huponyoka. Grafini na mirija ya nano ya kaboni hupitisha umeme vizuri, hivyo huzipokea elektroni na kuzichelewesha zisirudi. Kaboni nyingine huingia ndani ya fuwele yenyewe na kuiwezesha kunyonya sehemu ya nuru inayoonekana. Mwaka 1998 Juan Matos, Jorge Laine na Jean-Marie Herrmann walichukua njia ya moja kwa moja kabisa: walichanganya titania na mkaa amilifu ndani ya maji yenye fenoli, na fenoli ikaoza haraka kuliko ilivyooza kwa titania peke yake, ingawa mkaa wenyewe hauna uwezo wa kuiozesha.

Baada ya mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov walipoitenga grafini, na hasa baada ya Tuzo yao ya Nobel ya 2010, kila maabara ilitaka kuichanganya na titania. Matokeo yakaja ya kung'aa. Ndipo kundi la Yi-Jun Xu nchini China likauliza mwaka huohuo wa 2010, tena ndani ya kichwa cha makala yao, kama mchanganyiko wa titania na grafini ni tofauti kweli na michanganyiko mingine ya titania na kaboni. Katika vipimo vyao vya kuozesha mvuke wa benzini, hawakuona tofauti ya msingi. Swali lile lilipaswa kupunguza kasi ya mbio. Halikupunguza sana. Lakini kwa mtu wa Dodoma jibu lake ni habari njema, maana linasema mkaa wa kawaida uliotengenezwa kwa uangalifu hauko nyuma mno ya grafini ya kuagiza kwa bei ya dhahabu.

Kaboni ina gharama yake pia. Ni nyeusi. Ukiizidisha, inaziba nuru isifike kwenye titania, ndiyo maana mapishi mengi ya grafini hukaa karibu na asilimia moja hadi tano ya uzito. Tena radikali zinazokula uchafu hazina adabu ya kuuacha mkaa uliozibeba. Kadiri miaka inavyokwenda, nao unaliwa.

Ugonjwa ulioenea katika utafiti wa eneo hili, kwa maoni yangu, ni uchaguzi wa maji ya kujaribia. Sehemu kubwa ya majaribio hufanyika kwa maji yaliyokenekwa, yakatiwa rangi iitwayo bluu ya methilini, kisha bluu ikifutika mtafiti hutangaza ushindi. Bluu ya methilini hunyonya nuru yenyewe na inaweza kuusukuma mchakato hata pale ambapo kichocheo hakijafanya kazi, na kufutika kwa rangi hakumaanishi kwamba molekuli imesagika hadi mwisho. Halafu yaje maji ya kisima cha Ihumwa. Yamejaa bikaboneti, ambayo huidaka radikali ya haidroksili kabla haijaufikia uchafu na kuzaa radikali nyingine iliyo dhaifu. Yana kloridi. Yakiwa majitaka yana fosfeti, ambayo hung'ang'ania juu ya titania na kukalia nafasi za kazi. Na maji ya visima vya namna hii kwa kawaida si ya asidi, kwa hiyo uso wa titania huwa na chaji hasi na husukumana na molekuli nyingi zenye chaji hasi. Mchanganyiko uliopata asilimia 95 katika maji yaliyokenekwa unaweza kuporomoka katika maji haya, na hilo haliandikwi kwenye muhtasari.

Tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo inayotenganisha matumaini na mtambo. Chukua mita moja ya mraba ya uwanja wa Ihumwa na kilowati-saa zake 5.5. Asilimia nne ni kilowati-saa 0.22 za urujuanimno, sawa na moli 2.3 hivi za fotoni. Tuseme fotoni moja kati ya mia ndiyo inayozaa tendo la manufaa ndani ya maji, kadirio lisilo la kikatili kwa maji halisi. Tunabaki na moli 0.023 za elektroni kwa siku. Kiasi hicho kinatosha kuoksidisha uchafu unaohitaji takriban miligramu 184 za oksijeni. Majitaka yaliyokwisha kutulizwa bwawani, yenye mahitaji ya kikemikali ya oksijeni ya miligramu 100 kwa lita, yatasafishwa lita mbili hivi. Ukiwa na kichocheo bora mara tano, lita tisa. Kwa siku nzima ya jua, kwa mita nzima ya mraba.

Mita ileile ukiiwekea paneli ya sola inakupa karibu kilowati-saa moja ya umeme. Kuchuja maji ya kisima yenye chumvi ya wastani kwa utando wa osmosisi kinyume hutumia kilowati-saa moja hadi mbili kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo paneli hiyo ingeweza kuondoa chumvi katika lita 500 au zaidi, ukiacha maji machafu ya mwisho ambayo nayo yanahitaji pa kumwagwa. Taa ya urujuanimno ya kuua vijidudu hutumia sehemu ndogo tu ya hiyo. Anayetaka jua la Dodoma limpatie maji ya kunywa, basi njia iliyonyooka zaidi hupitia kwenye umeme kuliko kwenye unga. Sijaona andiko la mradi linaloweka hesabu hizi mbili kando kwa kando, na nadhani sababu yake inaeleweka.

Kuna pingamizi zito zaidi ya hesabu. Chumvi, naitreti na floraidi ni ayoni. Hazina kitu cha kuozeshwa. Radikali ya haidroksili haiigeuzi floraidi kuwa kitu kingine, na naitreti yenyewe ndiyo mwisho wa safari ya kuoksidisha nitrojeni, hivyo kuirudisha nyuma kuwa gesi ya nitrojeni kwa nuru huhitaji madini kama fedha na kemikali ya kuongeza, kama asidi ya fomiki, ambayo hakuna mtu anayetaka ndani ya maji yake ya kunywa. Mtu akikuambia mchanganyiko wa kaboni na titania utatibu maji ya uwanda wa kati, muulize ni maji yapi. Kwa maradhi makuu ya visima vya huku, nuru haina dawa.

Kwa floraidi, Afrika Mashariki ina historia yake yenye mafanikio ya wastani lakini ya kweli. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimekuwa kikiondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na Nakuru nchini Kenya, kitengo cha maji cha Dayosisi Katoliki kiliifanya kazi hiyo kwa kiwango cha kuuza vichujio. Mkaa huo hufanya kazi kwa kunasa tu, hakuna nuru. Mhandisi wa kemikali Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, mzaliwa wa Gongali wilayani Karatu, alishinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio lake la mchanga na malighafi za nano, nalo pia hunasa na kuchuja, na huweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo. Naamini ni jambo la kutazama kwamba mtu aliyefika mbali zaidi na teknolojia ya nano ya maji katika nchi hii hakutegemea jua.

Kwa vijidudu, mshindani wa titania ni chupa tupu ya plastiki. Aftim Acra wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut alieleza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 jinsi jua linavyoyatakasa maji yaliyowekwa kwenye chupa angavu. Jaribio la Ronán Conroy na wenzake miongoni mwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado, lililochapishwa mwaka 1996, lilionyesha kuhara kumepungua kwa waliokunywa maji ya chupa zilizoanikwa. Saa sita za jua kali kwa maji yasiyo na tope, siku mbili kukiwa na mawingu. Ukiongeza titania ndani ya chupa unaweza kupunguza muda, lakini chupa bila titania inafanya kazi na haimdai mtu kitu. Na klorini, licha ya yote, ina sifa moja ambayo nuru haitakuwa nayo kamwe: inabaki ndani ya maji. Maji yanayotoka kwa boza, yakahamia kwenye simtanki, kisha dumu, kisha ndoo, kisha kikombe kilichochotwa kwa mkono wa mtoto, yana nafasi tano za kuchafuka tena baada ya mtambo. Titania ilishamaliza kazi yake pale mtamboni.

Kama ningeishia hapa ingeonekana namfukuza mgeni mlangoni. Sivyo. Nasema amepelekwa nyumba isiyo yake. Hesabu ya lita mbili ilihusu maji yenye mzigo mkubwa wa uchafu. Geuza tatizo: maji safi kwa macho, yenye mabaki ya kiuatilifu au dawa ya hospitali kwa viwango vya mikrogramu kwa lita. Hapo kiasi cha kuozeshwa ni kidogo mara elfu, bakteria wa bwawani hawana hamu nacho, klorini huweza kukigeuza kuwa kitu kibaya zaidi, na utando wa kuchuja hukisogeza tu kutoka upande huu hadi ule. Dodoma inazo sababu za kulifikiria hili. Zabibu za Hombolo, Makutupora na Mpunguzi huvunwa mara mbili kwa mwaka na hupulizwa dawa za ukungu kila msimu. Mabomba ya kupulizia huoshwa mahali fulani, na chupa tupu za dawa hutupwa mahali fulani. Hospitali ya Benjamin Mkapa na nyingine jijini hutoa maji yenye mabaki ya dawa kama hospitali zote duniani. Bandari kavu ya Ihumwa, malori yakizidi, italeta maji ya kuoshea magari yenye mafuta na sabuni. Mabwawa ya majitaka ya Swaswa yalijengwa kwa uchafu wa mwilini, na kazi hiyo mabwawa hufanya vizuri. Kuyadai yaondoe kiuatilifu ni kuyaonea.

Almería, kusini mwa Hispania, ni mahali pa kujilinganisha, maana ni pakavu, pana jua, na pana kilimo kizito cha dawa. Huko kipo kituo cha utafiti wa nishati ya jua cha Plataforma Solar, kilichofanyia kazi titania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katikati ya miaka ya 2000 mtambo wa biashara ulijengwa La Mojonera kuoshea chupa za plastiki za viuatilifu ili zirejelezwe, na maji ya kuoshea yakasafishwa kwa jua kwenye vikusanyio vya ukubwa wa mita za mraba 150 hivi. Ila waliochagua kichocheo cha mtambo huo, baada ya miaka yote ya titania, walichagua chuma na haidrojeni peroksaidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutumia sehemu kubwa zaidi ya nuru na huenda haraka. Huo ni ushahidi wenye uzito kuliko makala mia. Titania inabaki na faida mbili dhidi ya chuma: haihitaji kuongezewa kemikali kila siku, na haihitaji maji yatiwe asidi. Mahali ambapo kreti ya peroksaidi husafirishwa kutoka Dar es Salaam na kuvunjwavunjwa na joto ghalani, faida hizo zinaweza kutosha.

Hapa ndipo naiona nafasi halisi ya mkaa, na ni tofauti na ile inayosimuliwa sana. Kawaida mkaa huelezwa kama msaidizi wa titania. Mimi ningegeuza: mkaa ndio mfanyakazi, titania ni ya kumwosha. Mkaa amilifu ni mojawapo ya njia zilizothibitika za kunasa viuatilifu kutoka majini. Shida yake ni kwamba hujaa. Ukijaa, nchi zenye viwanda huuchoma upya katika tanuri la nyuzi 800. Kwetu hutupwa, na pamoja nao uchafu wote ulionaswa. Mkaa uliobeba titania unaweza kukaa ndani ya pipa ukinasa mchana na usiku, katika giza, kwa kasi ya maji na wala si ya fotoni. Baada ya wiki kadhaa hutolewa, hutandazwa kwenye trei yenye maji kidogo, na jua hula kilichonaswa. Uchache wa fotoni haudhuru tena kwa kiwango kilekile, kwa sababu muda upo. John Crittenden na wenzake nchini Marekani walilijaribu wazo hili miaka ya 1990, wakagundua kwamba kikwazo ni uchafu kuchelewa kutoka ndani ya vinyweleo kuja kwenye uso wenye nuru, na kwamba joto husaidia. Kiangazi cha Ihumwa kina joto, kina miezi sita au saba bila mvua, na kina ardhi tambarare ambayo bado haijapimwa viwanja.

Kuutengeneza hapa kunawezekana nusu. Mkaa si tatizo, ingawa ningependa utokane na maganda ya karanga au ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida zinayo kwa malundo, badala ya migunga iliyobaki. Kuushikamanisha na titania ndiko kunakohitaji fundi. Njia ya vitabuni hutumia kimiminika cha titaniamu kinachoharibika kikigusana na unyevu wa hewa, kisha hupashwa nyuzi 400 hadi 500 ndani ya nitrojeni, kwa sababu katika hewa ya kawaida mkaa wenyewe ungewaka. Njia ya mkato ni kununua unga wa titania uliokwisha kuwa tayari na kuupachika kwenye chembe za mkaa. Unashika vibaya zaidi lakini hauhitaji nitrojeni. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kiko jirani, na ni kazi inayomfaa mwanafunzi wa uzamili mwenye subira.

Titaniamu ina kichekesho chake. Mchanga wenye madini yake umejaa pwani ya Waswahili. Kampuni ya Base Titanium ilichimba Kwale, kusini mwa Mombasa, kuanzia 2013 hadi ilipofunga uchimbaji Desemba 2024, ikisafirisha ilmenaiti na rutaili nje kama mchanga. Upande wa Tanzania, mchanga wa aina hiyo upo pwani ya Tanga, na chuma cha Liganga wilayani Ludewa kina titaniamu ndani yake. Unga unaorudi kwetu ndani ya makopo ya rangi umeshazunguka dunia. Sitarajii kiwanda cha titania kijengwe kwa ajili ya vichujio vya Ihumwa, na sidhani kinahitajika. Kilo chache huenda mbali.

Usalama wake usipuuzwe wala usitiwe chumvi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka titania mwaka 2006 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, kwa sababu ya kuvuta vumbi lake, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vyakula mwaka 2022. Hatari kubwa zaidi iko kwa fundi anayepepeta unga mkavu kuliko kwa mnywaji. Lakini chembe za nano zikimomonyoka kutoka kwenye mkaa zitaingia majini, na upepo wa Ihumwa ukizikuta zimekauka kwenye trei utazibeba. Kwa hiyo trei zifunikwe kwa kioo au plastiki angavu inayopitisha urujuanimno, na kioo cha dirisha cha kawaida huzuia sehemu yake. Kioo chenyewe kitafunikwa na vumbi la barabara kufikia Jumatano.

Jaribio ambalo ningelilipia, basi, halina bluu ya methilini. Lina maji ya kuoshea mabomba ya kupulizia zabibu kutoka Hombolo, na maji ya kisima cha Ihumwa pamoja na bikaboneti yake yote. Lina mapipa mawili, moja la mkaa mtupu na jingine la mkaa wenye titania, yaliyojazwa hadi yamechoka, yakaanikwa, yakajazwa tena, kwa kiangazi kizima. Kila mzunguko ipimwe pipa lipi limerudi na uwezo kiasi gani, titania kiasi gani imeponyoka, na mkaa umepungua uzito kiasi gani. Ikiwa baada ya mizunguko kumi mkaa wenye titania haujauzidi mkaa mtupu kwa gharama ya kuutengeneza, basi unga urudi kwenye rangi, na fedha zinunue mkaa mwingine.